Duka la marehemu ni mali ya nani?

Mtu anapofariki dunia, mjini au kijijini, akiwa ameacha duka la rejareja, cherehani tatu, mashine ya kusaga au banda la kuuzia mbao, maswali huanza kabla tanga halijaanuliwa. Ufunguo anao nani? Fedha zilizokuwamo kwenye droo siku ya msiba zimekwenda wapi? Mwenye jumla aliyeleta sukari kwa mali kauli atamdai nani? Mjane aliyekuwa akiuza dukani humo miaka kumi na mitano, anayewajua wateja kwa majina na anayejua nani amekopa unga na nani amekopa sabuni, huambiwa akae ndani na huzuni yake. Wakati yu ndani, wengine wanahesabu magunia. Siku anapotoka hukuta kufuli jipya mlangoni, na shemeji yake amekalia kiti chake.

Mambo ya namna hii hayatokei katika nyumba za matajiri tu. Kwa kweli tajiri ana wakili wake na kampuni yake, na kifo chake hakifungi mlango wa ofisi. Anayeumia ni mwananchi wa kawaida, kwa sababu biashara ndogo katika nchi hii ni kazi ya familia nzima. Mume hununua, mke huuza, mtoto akitoka shule hupanga chupa, na fedha ya ada ya shule hutoka katika droo ile ile iletayo chumvi. Nyumbani na dukani ni chungu kimoja. Hakuna mshahara unaoandikwa wala mkataba wa kazi baina ya mume na mke, wala hapana anayeona haya kwa jambo hilo, maana ndivyo watu wanavyoishi. Shida ni kwamba sheria haioni chungu. Sheria huona jina lililoandikwa kwenye leseni, kwenye hati ya kiwanja na kwenye akaunti ya benki, na mara nyingi jina hilo ni moja tu.

Si kwamba Taifa halikulitazama jambo hili. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo juu ya sheria ya ndoa, wananchi wakaujadili kwa ukali usio wa kawaida, na hatimaye ikapatikana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo, inayotumika Tanzania Bara, ilifanya jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa hazijathubutu kulifanya wakati ule: iliweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Ilitamka kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Ilitamka kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili. Iliongeza kwamba mali iliyoandikwa kwa majina ya mume na mke wote wawili huhesabiwa kuwa ni yao kwa sehemu sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Watu wawili waliokaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na kutambuliwa na jamii kuwa ni mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana. Ingawa dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, kwa mfano ikionekana kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja ambayo haijavunjwa.

Kisha ikaja Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lililokuwa mbele ya majaji, akiwamo Jaji Mkuu Francis Nyalali, lilikuwa hili: mke aliyepika, aliyefua, aliyelea watoto na kutunza nyumba, je, amechangia katika kuchuma mali ya ndoa, au mchango ni wa fedha peke yake? Mahakama ilijibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango, na kwamba wakati wa talaka mahakama haina budi kuzitazama inapogawa mali. Ni hukumu inayotajwa hadi leo kila panapogawanywa mali ya wanandoa. Wengi wanaoitaja husahau mwisho wake, nao unawahusu sana wenye biashara ndogo. Ilionekana kwamba Bi Hawa alikwisha kupewa na mumewe fedha za kuanzishia biashara, akazitumia ovyo, na kwa sababu hiyo hakupata kitu zaidi. Wanawake wa nchi nzima walipata haki kwa jina lake; yeye mwenyewe alitoka mikono mitupu. Somo kwa mwenye biashara ni kwamba mahakama hutazama pia fedha ilivyotumika, na asiye na daftari hana la kuonyesha.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Sheria ya 1971 husimamia ndoa ikiwa hai na husimamia ndoa inapovunjwa kwa talaka. Ndoa inapovunjwa na kifo, sheria hiyo huishia mlangoni. Mirathi iliachwa ilivyokuwa, chini ya sheria tatu zisizofanana, na matokeo yake ni jambo la ajabu ambalo halijaelezwa vya kutosha kwa wananchi. Mwanamke aliyepewa talaka anaweza kwenda mahakamani akadai sehemu ya duka alilosaidia kulijenga, na akasikilizwa. Mwanamke aliyekaa na mumewe kwa wema mpaka akamzika, ikiwa mirathi inafuata sheria za kimila, anaweza kuambiwa kwamba hana fungu. Yaani aliyegombana na mumewe ana haki nzito kuliko aliyemuuguza!

Haya hayakutungwa mtaani. Yameandikwa. Mwaka 1963 Serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila, na katika jedwali la urithi lililomo katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka huo, kanuni ya 27 inasema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Kanuni nyingine za tangazo hilo hupanga warithi kwa daraja: mwana mkubwa wa kiume wa nyumba ya kwanza katika daraja la kwanza, wana wengine wa kiume katika la pili, na mabinti katika la tatu, lenye fungu dogo kuliko yote. Binti huweza kutumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini asiliuze.

Kwa Waislamu mambo ni mengine. Sharia inayo hesabu yake, na mke hakusahauliwa: hupata thumuni ikiwa mume ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha, na wakiwa wake wawili au zaidi hugawana fungu hilo hilo. Kwa mirathi ambayo haifuati mila wala Uislamu, mahakama bado zinatumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza, ambayo humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Msomaji ataona kioja chenyewe. Sheria ya mkoloni iliyotungwa kwa ajili ya nchi nyingine, kabla hata ya mipaka ya Tanganyika kuchorwa, inamtendea mjane wa Kitanzania kwa wema kuliko tamko lililotolewa baada ya Uhuru.

Kwa kuwa mafungu hayafanani, ugomvi wa kwanza mahakamani huwa si nani apate nini. Huwa ni marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa Mkristo aliyeacha mila, au Mkristo aliyefuata mila? Alizikwa vipi? Alilipa mahari? Mahakama hupima mwenendo wa maisha yake, na ndugu husimama kizimbani kueleza kama marehemu alihudhuria matambiko. Mahakama ya Mwanzo inayo mamlaka juu ya mirathi inayofuata mila au Uislamu. Ile inayofuata sheria ya 1865 hupelekwa mahakama za juu yake. Familia iliyofungua shauri mahali pasipostahili inaweza kukaa miaka mingi ikilumbana, kisha ikaambiwa ianze upya, na katika miaka hiyo duka limekwisha kuwa ghala la panya.

Wapo wanaoitetea kanuni ya 1963, na hoja yao haistahili kudharauliwa. Wanasema kwamba ardhi ya ukoo haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa amana ya walio hai kwa ajili ya watakaozaliwa, na kama kila mjane angeondoka na kipande chake akaolewa kwingine, ukoo ungebaki bila pa kuzikana. Wanasema pia kwamba ukoo ulikuwa na wajibu wa kumtunza mjane na yatima wake. Kwa wakati wake, na kwa shamba la migomba, hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Lakini ukoo ulinunua lini mafuta ya kula ya dukani? Ukoo ulisimama lini foleni ya leseni? Mashine ya kusaga iliyonunuliwa kwa mkopo ambao mke alidhaminiwa na kikundi chake cha akina mama, imekuwaje shamba la ukoo? Na ule wajibu wa kutunza, ambao ndio uliokuwa nusu ya pili ya mila, uko wapi? Mara nyingi wanaodai mila hudai nusu ile ya kuchukua tu.

Mahakama zimejaribu kusogea, tena kwa ujasiri wakati mwingine. Mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, iliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mama huyo wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akataka uuzaji ubatilishwe kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alikataa, akasema kwamba sheria ya mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya tamko la haki za binadamu lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Lakini mwendo huo haukuwa wa moja kwa moja. Baadaye wajane wawili waliofukuzwa katika nyumba za waume zao walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizo za urithi zibatilishwe. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikiona kwamba mila haibadilishwi kwa amri ya jaji. Rufaa yao iliondolewa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka, bila kiini cha shauri kuguswa. Wakaenda mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema haki zao zilikuwa zimevunjwa, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria zake. Wajane wawili wasio na uwezo walizunguka dunia nzima kutafuta jibu la swali la nani mwenye nyumba, na bado kanuni ya 27 imo kitabuni.

Pamoja na hayo yote, itakuwa ni kosa kumwacha mwananchi aamini kwamba hana la kufanya ila kungoja Bunge. Mengi yanayoharibika huharibika kwa sababu ya kutojua, wala si kwa ubaya wa sheria.

Kwanza ni cheo cha msimamizi wa mirathi, ambacho pengine ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Mahakama inapomteua shemeji, mtoto mkubwa au mjane kuwa msimamizi, haikumpa mali. Imempa kazi. Kazi hiyo ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa gharama za maziko na madeni, kugawa kinachobaki kwa warithi, na kurudi mahakamani kutoa hesabu. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo, hesabu hiyo hutakiwa ndani ya miezi minne, ila kama hakimu ameongeza muda. Ni wasimamizi wangapi wanaorudi? Wengi huichukua barua ya uteuzi kama hati ya kununulia, wakauza kiwanja, wakahamisha fedha benki, na familia ikakaa kimya kwa heshima ya umri. Mrithi yeyote anaweza kwenda katika mahakama ile ile iliyotoa barua akaomba msimamizi aitwe na hesabu zake, na akithibitika kuwa amefuja, mahakama inaweza kumwondoa na kuweka mwingine. Kumwita msimamizi mahakamani si utovu wa adabu. Ni kumtaka atimize kiapo.

Vile vile muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao makarani wa mahakama huuulizia kana kwamba umeandikwa katika amri kumi, haukuwekwa na sheria kuwa sharti la kufungua mirathi. Ni ushahidi mzuri wa makubaliano, basi. Mjane ambaye ukoo umekataa kuketi naye, au umeketi bila kumwita, hajafungiwa mlango. Mahakama inaweza kumteua mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi, na wakizidi kugombana inaweza hata kumteua mtu baki mwaminifu asiye na upande. Na hapa litajwe lile la kadi ya benki na namba ya siri ya simu. Imekuwa desturi, siku ile ile ya msiba, kijana mmoja kutumwa akakombe fedha za marehemu kabla benki haijapata habari, ati za kununulia sanda. Mtoto wa marehemu akija kuuliza baada ya mwaka, sanda hiyo inaonekana ilikuwa ya hariri.

Pili ni wosia. Watu wengi wenye akili zao, wanaokata bima ya pikipiki kila mwaka, huona kuandika wosia kuwa ni kujitakia kifo. Mbona aliyenunua kiwanja cha kujenga hakuitwa mchuro, naye anajua kwamba nyumba itaishi kuliko yeye? Wosia wa kimila unaweza kuwa wa mdomo, lakini sharti ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wakiwamo wa ukoo na watu baki. Wa maandishi, kwa mtu ajuaye kusoma na kuandika, hutosha mashahidi wawili. Kwa Mwislamu, wosia hauwezi kuzidi theluthi ya mali, wala haumwongezei fungu mtu ambaye tayari ni mrithi, ila wenzake wakiridhia. Anayetaka kumnyima mrithi wake hana budi kulisema wazi na kutoa sababu. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, iliyoanzishwa mwaka 2006, husaidia kuandika na kutunza wosia, ili karatasi isije ikapatikana chini ya godoro la mtu yule yule anayenufaika nayo.

Hata hivyo lipo jambo lenye nguvu kuliko wosia, na halina gharama kubwa: kuandika majina mawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke kumiliki ardhi kwa pamoja, na katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki haki yake humwendea aliyebaki. Haiingii kabisa katika mirathi ya kugombaniwa. Wakitaka kila mmoja awe na hisa yake anayoweza kuirithisha atakavyo, sheria inaruhusu hilo pia. Sheria hiyo hiyo inakwenda mbali zaidi: mwenzi aliyetoa jasho lake kuendeleza ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake hupata maslahi katika ardhi hiyo kwa kazi yake. Kwa mantiki hiyo hiyo, kilicho cha mjane kwa jasho lake si mali ya marehemu, na kisicho mali ya marehemu hakipaswi kugawiwa ndugu zake. Hoja hii mjane hana budi kuitoa mapema, mirathi inapofunguliwa, si baada ya magunia kuhesabiwa. Risiti alizonunulia bidhaa, vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, majirani waliomwona akifungua duka saa kumi na mbili asubuhi, vyote hivyo ni ushahidi.

Kuhusu biashara yenyewe, wengi hudhani kwamba wakisajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni wameumba kitu kinachosimama peke yake. Sivyo. Jina la biashara ni jina tu. Mwenye jina na biashara yake ni mtu mmoja machoni pa sheria: deni la duka ni deni lake, na akifa, duka ni sehemu ya mirathi yake kama kitanda chake. Kampuni ndiyo yenye uhai wake mbali na wenye hisa. Ndugu wawili au marafiki wanaofanya biashara kwa ubia wajue pia kwamba ubia huvunjika mmoja wao anapofariki, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Makubaliano ya mdomo ni halali katika Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, na haki ya mkulima aliyeuza mpunga kwa ahadi haipotei kwa kukosa karatasi. Lakini mdomo wa marehemu haujibu maswali. Daftari la mali kauli, lenye tarehe na sahihi za pande zote mbili, huilinda familia dhidi ya wadai wa uongo wanaojitokeza matangani, na humlinda mwenye jumla dhidi ya familia inayojifanya haijui kitu. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita na ya ardhi miaka kumi na miwili. Anayengoja mpaka watoto wakue ili ndipo adai anaweza kukuta muda umekwisha.

La mwisho ni mikopo, na hasa hii ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mkopeshaji huja mpaka gengeni, hatoi muda wa kusoma, na badala ya mkataba wa rehani humtia mkopaji sahihi katika karatasi inayosema ameuza nyumba. Mume hutia sahihi mchana, mke hujua siku nyumba inapokuja kukaguliwa na mgeni. Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha hana budi kuwa na leseni. Kumwuliza leseni yake ni haki ya mkopaji, na anayekasirika akiulizwa amekwisha kujibu. Nyumba ya ndoa, kama ilivyoelezwa, haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mwenye kutoa mkopo anatakiwa kuchunguza kama anayemkopesha ana mke au mume. Mwenzi mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio katika ofisi ya Msajili wa Hati kabla mambo hayajaharibika. Ama kubeba masufuria, magodoro na cherehani kwa sababu mtu amechelewa rejesho la wiki mbili, wananchi wafahamu kwamba Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 imevikinga vyombo vya kupikia, matandiko, nguo za kuvaa na zana za fundi visikamatwe hata pale mahakama ilipokwisha kutoa hukumu ya deni. Ikiwa dalali wa mahakama mwenye amri mkononi hawezi kubeba sufuria, kijana mwenye pikipiki na orodha ya majina atalibeba kwa mamlaka gani?

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hilo ni jambo la kushukuriwa, maana mjane hawezi kuilinda haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Kuna pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri bila malipo kwa wasio na uwezo. Lakini kutafsiri kanuni ya 27 kwa Kiswahili fasaha hakuifanyi kuwa ya haki. Itasomeka vizuri zaidi tu wakati mtu anapofukuzwa.

Sheria moja ya mirathi kwa nchi nzima ni kazi kubwa, itakayogusa imani za watu, na huenda ikahitaji mjadala mrefu kama ule wa 1969. Hapana haja ya kulazimisha mambo ya dini kwa haraka. Tamko la 1963, hata hivyo, si Msahafu wala Biblia. Lilitolewa kwa amri ya Serikali, na sheria ya nchi imeweka njia ya kulirekebisha: halmashauri ya wilaya inaweza kupendekeza marekebisho ya sheria ya mila inayotumika katika eneo lake, na Waziri akayatangaza kwa amri. Mahakama Kuu yenyewe ilionyesha njia hiyo mwaka 2006. Kwa hiyo jambo hili halikungoja Dodoma peke yake. Kila halmashauri inayo madiwani, kila diwani anao wajane katika kata yake, na baraza lao huketi kila robo ya mwaka.